Friji yako inakula stima kiasi gani? Historia fupi

Leo tuweke tarakilishi kando kidogo, tuingie jikoni. Kuna mashine moja pale ambayo haipumziki. Runinga utaizima, pasi utaichomoa, lakini friji (au jokofu, ukipenda) inanguruma usiku na mchana, hata mkiwa mmesafiri mashambani. Ndiyo maana makosa madogo ya aliyeitengeneza hugeuka kuwa pesa nyingi kwako.

Tuanze na hesabu. Wengi husoma wati zilizoandikwa nyuma ya friji, wakazidisha kwa saa 24, kisha wakashtuka bure. Kompresa haifanyi kazi muda wote. Themostati huiwasha na kuizima. Friji ya wati 150 ambayo kompresa yake hufanya kazi saa 8 kwa siku hutumia wati-saa 1,200, yaani uniti 1.2. Kwa mwaka ni uniti 438. Ikiwa kompresa hiyo hiyo inafanya kazi saa 16, zidisha mara mbili.

Kwa hivyo swali la maana si wati ngapi, bali kompresa inalazimika kufanya kazi saa ngapi. Na hilo hutegemea joto linaloingia ndani: kupitia kuta, kupitia mpira wa mlango, na kila mlango unapofunguliwa. Unene wa ukuta na ubora wa mota huamuliwa kiwandani, kabla hujaiona friji yenyewe. Nani aliamua, na kwa nini? Historia nzuri ya jambo hili iko Marekani.

Mwaka 1927 kampuni ya General Electric ilianza kuuza friji iliyopata umaarufu kwa jina Monitor Top. Kompresa yake ilikaa juu ya kabati, ndani ya chombo cha mviringo, kwa hivyo joto lake lilipanda na kwenda zake. Baadaye watengenezaji waliishusha kompresa chini ili friji ipendeze. Joto likawa linapanda kuelekea kabati lile lile linalotakiwa kupozwa!

Mwishoni mwa miaka ya 1940, friji mpya ya kawaida kule Marekani ilikuwa na ujazo wa kama futi 8 na ilitumia chini ya uniti 400 kwa mwaka. Kufikia 1974 ujazo ulikuwa umefika kama futi 18, lakini matumizi yalikuwa yamepanda hadi karibu uniti 1,800. Ukubwa uliongezeka kidogo zaidi ya mara mbili. Stima zaidi ya mara nne. Uniti 1,800 kwa mwaka ni sawa na kuwasha balbu ya wati 200 bila kuizima hata dakika moja.

Nini kilitokea? Kuta zilifanywa nyembamba ili nafasi ya ndani iwe kubwa bila friji kushindwa kuingia jikoni. Mota za bei rahisi zikatumika. Zikaongezwa hita za kuyeyusha barafu zenyewe, na nyingine karibu na mlango ili nje pasitoke jasho. Ndiyo, hita ndani ya friji! Stima ilikuwa rahisi, na mnunuzi dukani aliona bei ya friji tu. Bili ilikuja baadaye, kidogo kidogo, ikiwa imechanganyika na ya taa na pasi.

Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu. Ukipewa tarakilishi yenye kasi na kumbukumbu tele, unaandika programu nzito, kwa sababu gharama yake anailipa mtu mwingine.

Kisha ikaja Oktoba 1973. Nchi za Kiarabu zinazouza mafuta zikaiwekea Marekani vikwazo, na foleni zikaonekana kwenye vituo vya petroli. Katika maabara ya Berkeley, California, alikuwepo mwanafizikia Arthur Rosenfeld, aliyefundishwa na Enrico Fermi. Ijumaa moja jioni mwezi Novemba alizunguka ghorofa yake akizima taa za ofisi zilizoachwa zikiwaka. Kazi ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani, kwa sababu swichi nyingine zilikuwa zimefunikwa na makabati na rafu za vitabu. Jengo lenyewe lilikuwa limepangwa kana kwamba hakuna atakayewahi kutaka kuzima taa.

Rosenfeld aliacha utafiti wa chembe za atomu akageukia matumizi ya nishati. Yeye na mwanafunzi wake David Goldstein walichunguza friji zilizokuwa sokoni. Waligundua kwamba friji zinazokaribiana kwa ukubwa zilitofautiana sana kwa matumizi ya stima, na bei ya dukani haikukuambia ipi ni mlafi. Mnunuzi hakuwa na njia ya kujua.

Mwaka 1974 Gavana Ronald Reagan alitia sahihi sheria iliyounda Tume ya Nishati ya California, ikiwa na uwezo wa kuweka viwango vya vifaa vya umeme. Viwango vya kwanza vya friji vilipitishwa mwaka 1976. Watengenezaji walilalamika kwamba bei ingepanda. Majimbo mengine yakaanza kuiga, na mwishowe viwanda vyenyewe vikaona heri sheria moja ya nchi nzima kuliko sheria tofauti kila jimbo. Mwaka 1987 Reagan yule yule, sasa akiwa rais, akatia sahihi sheria ya taifa. Viwango vikakazwa mwaka 1990, 1993, 2001 na tena 2014.

Matokeo? Friji mpya ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa na ujazo wa zaidi ya futi 20 na ilitumia takriban uniti 500 kwa mwaka. Kubwa kuliko ile ya 1974, lakini inakula chini ya theluthi moja ya stima. Na bei ya dukani, ukiondoa mfumuko wa bei, ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya nusu. Hakuna muujiza uliofanyika: povu bora kwenye kuta badala ya sufi ya glasi, kompresa na mota bora, mpira wa mlango unaofunga vizuri. Mafundi wangeweza kuyafanya mengi ya haya mapema. Hakuna aliyewadai.

Sasa turudi nyumbani. Kenya ilipata kanuni zake za viwango na lebo za vifaa vya umeme mwaka 2016, na ndizo zilizoleta lebo ya nyota kwenye friji mpya. Lakini wengi wetu hununua za mtumba kutoka ng'ambo. Ghana ilipitisha sheria ya kupiga marufuku friji za mtumba mwaka 2008 na kuanza kuitekeleza mwaka 2013. Waliona wazi: anayeuza friji kuukuu haondoi tu takataka nyumbani kwake, anakuhamishia na bili yake.

Ukienda kununua, fanya mambo matatu. Kwanza, tafuta idadi ya uniti kwa mwaka (kWh). Tofauti ya uniti 300 kwa mwaka, tukichukulia uniti moja ni shilingi 25, ni shilingi 7,500 kila mwaka. Friji ikidumu miaka kumi, hiyo ni 75,000. Pili, tazama herufi ya hali ya hewa kwenye kibandiko: N ni ya chumba chenye joto la nyuzi 16 hadi 32, na T hufika 43. Ukiwa Mombasa au Garissa usidanganywe na N. Tatu, funga mlango ukiwa umebana karatasi kwenye mpira wake. Karatasi ikichomoka bila kukazwa, baridi inavuja, na pesa pia.

Bei ya friji utailipa mara moja. Stima yake utailipa kila siku, kwa hivyo uliza kabla hujatoa pesa. Muuzaji asipokuwa na jibu, nenda duka la pili.