Pepo ya kisiwani na watumwa wa Kilwa

Fasihi ya Ulaya imetuzoesha kukiona kisiwa kama pepo ndogo ya duniani. Thomas More alipoandika Utopia mwaka wa 1516, hakutosheka kuwapa watu wake sheria nzuri. Alimfanya mfalme wao akate shingo ya nchi iliyowaunganisha na bara ili maji yawazingire pande zote. Yaani, wema ulihitaji bahari ya kuukinga na majirani.

Dhana hiyo ilikuja kutua katika Bahari Hindi yetu. Mwaka wa 1788 Bernardin de Saint-Pierre alichapisha riwaya ya Paul et Virginie, kisa cha watoto wawili wanaolelewa na mama zao bondeni katika kisiwa cha Mauritius, ambacho wakati huo kilikuwa koloni la Ufaransa. Watoto hao hawajui kusoma, na umri wao wanauhesabu kwa minazi iliyopandwa walipozaliwa. Wasomaji wa Ulaya waliipenda mno riwaya hiyo.

Lakini hebu tuulize: nani aliyelima bonde hilo? Riwaya yenyewe haifichi. Kila mama ana mtumwa wake, Domingue na Marie, nao wanachorwa kama watu walioridhika kabisa na hali yao. Kisha siku moja anatokea mwanamke mtoro, amekonda, mwili umejaa makovu ya mijeledi. Virginie anamlisha. Halafu, kwa huruma tupu, anaandamana naye na Paul hadi kwa bwana wake ili amwombee msamaha! Bwana anakubali kumsamehe. Baadaye Domingue anawasimulia alivyomwona mwanamke huyo: amefungwa mnyororo mguuni kwenye gogo, shingoni kavishwa pete ya chuma yenye kulabu tatu.

Mwandishi hakuwa mgeni wa mambo haya. Aliishi Mauritius kuanzia 1768 hadi 1770, na kitabu chake cha safari cha 1773 kinalaani waziwazi mateso ya watumwa. Ila katika riwaya, naona ameusukuma uovu wote kwa jirani katili ili bonde lake libaki safi. Ndiyo kazi ya pepo za kubuni: lazima kuwe na mahali pa kutupia taka.

Sasa njoo huku kwetu. Mwaka wa 1776, miaka 12 kabla ya riwaya hiyo kutoka, Mfaransa Jean-Vincent Morice aliafikiana na Sultani wa Kilwa auziwe watumwa 1,000 kila mwaka. Biashara ya Wafaransa Kilwa ililenga mashamba ya Mauritius na Réunion. Kilwa Kisiwani nayo, jina lenyewe linasema, ni kisiwa. Ibn Battuta alipofika mwaka wa 1331 aliisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri mno. Basi kisiwa kilichosifiwa na msafiri mmoja kikawa kinauza watu kwenye kisiwa kitakachosifiwa na mwingine. Waliouzwa, wengi wao watu wa bara, hawakuulizwa pepo iko wapi.

Tungo zetu wenyewe zinasemaje? Mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, akitazama magofu ya Pate. Huyu hakukiona kisiwa kutoka kwenye sitaha ya jahazi la wageni; alikuwa mwenyeji. Anauonya moyo wake usihadaike na dunia, akiuonyesha majumba yaliyong'aa kwa taa na vidaka vilivyopangwa vyombo vya kaure, ambavyo sasa ndege wamevifanya viota. Kwake pepo iko ahera, si Pate.

Mimi humwamini zaidi huyu kuliko yule Mfaransa. Hata hivyo, anaowaombolezea ni mabwana wa majumba hayo. Waliokuwa wakiziwasha taa zile kila magharibi hawana kaburi katika utenzi huo.