Garimoshi na Upana wa Njia: Funzo la Reli ya TAZARA

Reli ipitayo Mbozi, jirani na Hasamba, hadi mpakani Tunduma ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Urefu wake ni kilomita 1,860, toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Nayo iliipatia Zambia njia ya kusafirishia shaba bila kupitia Rhodesia ya walowezi.

Kwa upande wa istilahi, twapata mafunzo mawili. Kwanza, jina garimoshi lilizaliwa enzi za injini za mvuke. TAZARA ilianza na injini za dizeli, lakini jina halikumpotosha mtu.

Pili, Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani kati ya 1905 na 1914, ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, milimita 1,067. Tofauti hiyo ndogo huzuia mabehewa ya njia moja kupita katika nyingine. Mfasiri aziitaye zote mbili "reli nyembamba" huificha sababu ya mizigo kupakuliwa na kupakiwa upya. Kwa hiyo twapendekeza "upana wa njia", pamoja na kipimo chake, hasa sasa ambapo reli mpya ya milimita 1,435 imeongeza upana wa tatu nchini.

Jina laweza kubaki la kale. Kipimo hakina budi kuwa sahihi.