Jok, Nyasaye na Mtazamo wa Ulimwengu wa Wajaluo

Mwaka 1945 Placide Tempels alidai kuwa fikra za Wabantu zimejengwa juu ya dhana moja: nguvu-uhai. Mwaka 1961 Bethwell Ogot, mzawa wa Gem, aliichunguza dhana ya jok miongoni mwa Waniloti kwa mkabala unaokaribiana na huo. Okot p'Bitek, aliyefanya kazi Kisumu mwishoni mwa miaka ya 1960, aliupinga: kwake jok walikuwa wengi, si nguvu moja. Biblia ya Kijaluo nayo ilimwita Mungu Nyasaye, huku jajuok akibaki kuwa mchawi. Hoja yetu ni kwamba kuteua neno ni kuamua mtazamo upi wa ulimwengu uhesabiwe kuwa dini. Mhakiki hana budi kuanzia katika lugha, ndipo aifikie teolojia.