Pumzi Iliyoachwa Nje ya Maandishi

Nilipokuwa mwalimu mchanga, mwanafunzi wangu mmoja, mzawa wa Mombasa, aliniletea shairi. Katika ubeti mmoja alimtaja mnyama wa porini, naye akamwandika "phaa". Niliikata ile h kwa wino mwekundu. Akajaribu kunieleza kwa sauti: paa la nyumba hutamkwa kavu, paa wa porini hutoka na pumzi. Sikumsikiliza. Nilimwambia aandike kama vitabu vinavyoandika. Hakuniletea shairi jingine.

Kosa lilikuwa langu. Katika Kimvita, pumzi hiyo hubeba maana. Ndiyo inayomtenganisha kaa wa baharini na kaa la moto, na chungu wadudu na chungu cha kupikia. Aidha, Wamvita wana t mbili: moja ulimi hugusa meno, nyingine hugusa ufizi.

Mwishoni mwa karne ya 19, mmisionari William Taylor alizisikia tofauti hizo mjini Mombasa, akazitilia alama katika maandishi yake. Hakuwa peke yake. Mwalimu Sikujua alishirikiana naye kukusanya na kunakili tungo za Muyaka bin Haji, ambazo baadaye William Hichens alizitoa katika Diwani ya Muyaka, mwaka 1940. Bila sikio la Mwalimu Sikujua, kalamu ya Taylor ingeandika nini?

Wakati huohuo Ulaya ilikuwa ikitafuta njia ya kuandika sauti za lugha yoyote. Chama cha kimataifa cha fonetiki kilianzishwa Paris mwaka 1886, na kikaunda alfabeti ambayo msingi wake ni kuipa kila sauti bainifu alama yake. Katika alfabeti hiyo, mpumuo huandikwa kwa h ndogo iliyoinuliwa: [pʰaa]. Mwanafunzi wangu, bila kufundishwa na mtu, alikuwa ameikaribia.

Kiswahili sanifu kilishika njia nyingine. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikasimamia tahajia moja kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Tahajia hiyo ni nyepesi kufundisha na kupiga chapa. Nimeitumia maisha yangu yote na siidharau. Hata hivyo, ilitunza kibainishi cha ng' ili ng'ombe asisomwe kama ngoma, lakini mpumuo haikuupa alama yoyote.

Siombi tahajia ibadilishwe. Ninaloomba kwenu, watunzi na wapenzi wa lugha, ni hili: mnapowarekodi wazee wetu wa Mvita, Lamu na Pemba, andikeni tungo zao kwa tahajia sanifu, kisha pembeni wekeni alama za matamshi. Msomaji wa kesho ataona neno, na atajua pia lilivyotoka kinywani.

Nami, laiti ningekuwa na daftari lile, ningeirudisha h niliyoikata.