Kamati ya kwanza ya Arusha

Taasisi ya Mwalimu Nyerere ilizaliwa mwaka 1996, jirani wa Tanzania akiwa vitani. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alikuwa ameuawa Oktoba 1993, na wakimbizi walikuwa wakimiminika Kigoma. Mwalimu alikuwa tayari amebeba jukumu la usuluhishi, akavikutanisha vyama vya FRODEBU na UPRONA vya Burundi mjini Mwanza. Julai mwaka huo wa 1996, Pierre Buyoya akatwaa madaraka kwa mapinduzi. Nchi za kanda zikaiwekea Burundi vikwazo.

Mazungumzo yalipoanza upya Arusha, Juni 1998, taasisi hiyo changa ndiyo iliyoyaendesha, ikiwa na watu kama Joseph Butiku na Jaji Mark Bomani. Vyama na makundi yaliyoketi mezani yalifika 19. Kazi iligawanywa kwa kamati, na kwangu mimi iliyo nzito kuliko zote ni ile ya kwanza, chini ya Armando Guebuza wa Msumbiji. Haikuulizwa nani apewe wizara gani. Iliulizwa mgogoro huu ulitoka wapi. Watu waliozika ndugu zao waliouawa kwa mikono ya wenzao walitakiwa kukubaliana juu ya enzi za wafalme, utawala wa Wajerumani na wa Wabelgiji, na mauaji yaliyofuata uhuru wa 1962. Hayo yote yakaingia katika itifaki ya kwanza ya mkataba wa amani, ambayo ilitamka kwamba kiini cha mgogoro ni siasa, ingawa ukabila umeuchochea mno.

Mwalimu hakuuona mkataba huo. Alifariki London, Oktoba 14, 1999, na Nelson Mandela akapokea usukani. Sahihi zikatiwa Agosti 28, 2000.

Bunduki hazikunyamaza. Wapiganaji wa CNDD-FDD na Palipehutu-FNL hawakuwa mezani, na hilo ndilo doa kubwa la Arusha: walioshika silaha waliachwa nje, wananchi wakaendelea kufa. FNL walikuja kusaini kusitisha vita Dar es Salaam Septemba 2006.

Hata hivyo kamati ya kwanza iliacha deni linalodaiwa hadi leo. Mkataba uliagiza iundwe tume ya ukweli na maridhiano, na historia ya Burundi iandikwe upya ili Warundi wote waisome kwa namna moja. Tume hiyo ilipata sheria yake mwaka 2014.