Sokwe Aliyepita Juu ya Unguja

Wasomaji wetu wengi wamesikia habari za watu waliosafiri katika anga za juu. Wachache wajua ya kuwa wanyama ndio waliotangulia, na ya kuwa ng'ambo ya Dar es Salaam, kisiwani Unguja, palikuwa na kituo cha kuwasikiliza wasafiri hao.

Kwanza na tulifahamu neno uzito. Mchuuzi wa Kariakoo atiapo viazi katika mizani, nchi huvivuta na mizani huvizuia. Kule kuzuiwa ndiko tunakokuita uzito. Lakini mizani na viazi vikianguka pamoja kutoka darini, haviwezi kukandamizana, na mshale hurudi penye sifuri. Chombo kiizungukacho dunia nacho huanguka daima, ila kwa mwendo wake mkubwa hakiifikii nchi.

Basi wataalamu walihofu: kiumbe asiye na uzito ataweza kumeza, kupumua na kufikiri? Mwaka 1957 Warusi walimrusha mbwa Laika, naye akafa safarini. Wamarekani wakajenga vituo pande nyingi za dunia, kimoja Tunguu, Unguja. Tarehe 29 Novemba 1961 sokwe Enos aliizunguka dunia mara mbili, kila mzunguko karibu dakika 88, na habari za moyo wake na pumzi zake zikapokewa kwa redio. Alikuwa amefundishwa kuvuta vipini kwa kufuata taa. Akikosa, hupigwa na umeme miguuni. Kumbe kipini kimoja kiliharibika, akaadhibiwa hata alipofanya sawasawa. Wala hakuiacha kazi yake. Akarudi hai. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn akamfuata.

Kituo hakikupendwa na wote; wengine walihofu kwamba kingewaletea vita vya mataifa makubwa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya ikataka kiondolewe, kikaondolewa.

Uchunguzi haukukoma. Panya wa chombo Kosmos 782, mwaka 1975, walionyesha ya kuwa mfupa usiobeba uzito hupungua kukua. Ndiyo maana wasafiri wa anga hufanya mazoezi kila siku. Mzigo aulalamikiao mchukuzi wa sokoni ndio unaouimarisha mfupa wake.

Elimu hiyo twaipokea leo pasipo kulipa. Lakini ililipiwa na viumbe wasioulizwa. Basi tukiitaja faida, na bei yake tuitaje.