Ndigana kali na kuzuiwa kwa kifo cha seli

Ndigana kali ni ugonjwa wa ng'ombe unaosababishwa na Theileria parva, kimelea cha seli moja kinachoenezwa na kupe wa kahawia wa masikioni. Wamaasai huuita oltikana. Katika Hifadhi ya Ngorongoro nchini Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1959 ikiwa eneo la wafugaji na wanyamapori kwa pamoja, kimelea hudumu ndani ya nyati, ambao kwa kawaida hawaugui, na kupe hukihamishia kwa ng'ombe. Katika wilaya jirani ya Karatu na kwingineko, ng'ombe wa maziwa wa kigeni na machotara hudhurika zaidi kuliko wa kienyeji.

Kimelea na seli

Limfositi, mojawapo ya seli nyeupe za damu, ikivamiwa hutarajiwa kujiua: vimeng'enya viitwavyo kaspasi hukatakata protini zake. T. parva huzuia jambo hilo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kimelea hukusanya vimeng'enya vya IKK juu ya uso wake. Hivyo NF-κB, protini inayowasha jeni, hufunguliwa, huingia katika kiini na kuamrisha utengenezaji wa protini zinazokinga seli isife. Seli hugawanyika mfululizo, na kimelea hugawanyika nayo kwa kujishikiza kwenye nyuzi zinazotenganisha kromosomu. Mnyama hupata homa, mitoki huvimba, mapafu hujaa maji. Asipotibiwa, mara nyingi hufa.

Peptidi za maabara

Kifo cha seli huweza pia kuzuiwa kwa peptidi ndogo, yaani minyororo mifupi ya asidi amino. Mojawapo, zVAD-fmk, ina asidi amino tatu: valini, alanini na asidi aspatiki. Kwa kuwa kaspasi hukata protini penye asidi aspatiki, huipokea peptidi hiyo kama windo la kawaida. Kisha ncha yake ya kemikali hung'ang'ania kimeng'enya kisifanye kazi tena. Kimelea huzuia amri ya kifo isitolewe. Peptidi humfunga mikono mtekelezaji wake. Watafiti huitumia kupima kama seli imekufa kwa njia ya kaspasi.

Katika limfositi zenye Theileria, dawa ya buparvakwoni ikiua kimelea, kaspasi 9 na 3 huamka na seli hufa. Yaani mitambo ya kifo ilikuwa imezuiwa tu, haikuharibika.

Chanjo

Chanjo iitwayo Mchanganyiko wa Muguga, iliyotengenezwa Kenya miaka ya 1970, ina vimelea hai vya aina za Muguga, Kiambu 5 na Serengeti. Huhifadhiwa katika naitrojeni ya kimiminika, na ndama hudungwa chanjo hiyo pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini ya kudumu, kisha huvishwa hereni ya alama. Baadaye limfositi za kinga hutambua peptidi za kimelea zilizojitokeza juu ya seli iliyovamiwa na kuiua kutoka nje. Kinga hiyo huwa hafifu zaidi dhidi ya vimelea vinavyotoka moja kwa moja kwa nyati, hivyo mifugo inayochanganyika nao huendelea kuogeshwa dawa ya kupe.